Kukataa vita na vita vya haki: yanayopotoshwa kuhusu Waislamu na wasio na dini

Dhana: Uislamu unaruhusu vita bila masharti.

Kwa takriban miaka 13 ya mwanzo mjini Makka, Waislamu walitukanwa, walisusiwa na kuteswa bila kuruhusiwa kunyanyua silaha. Ruhusa ilipokuja, katika Sura Al-Hajj aya ya 39, walipewa wanaopigwa vita kwa sababu wamedhulumiwa. Al-Baqara aya ya 190 nayo inaamuru kupigana na wale wanaowapiga Waislamu, na papo hapo inakataza kuvuka mipaka.

Wapo wanaoshika aya ya 5 ya Sura At-Tawba, inayoamuru kuuawa kwa washirikina, peke yake. Aya iliyoitangulia inawatoa washirikina waliotimiza ahadi zao. Inayofuata inaamuru kwamba mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Kuinukuu hiyo ya katikati na kuzificha jirani zake ni kudanganya watu, awe anayefanya hivyo ni adui wa Uislamu au anayejiita mtetezi wake.

Mipaka haikuishia kwenye sababu za vita. Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto. Abu Bakr, khalifa wa kwanza, alipotuma jeshi Sham (eneo la Syria na jirani zake), aliusia wazee wasiuawe, miti ya matunda isikatwe, mifugo isichinjwe ila kwa chakula, na watawa waachwe na ibada zao. Mwanazuoni Muhammad al-Shaybani, aliyefariki mwaka 805, aliandika sheria za vita na mikataba zaidi ya miaka 800 kabla mwanasheria wa Kiholanzi Hugo Grotius hajachapisha kitabu chake maarufu kuhusu sheria za vita mwaka 1625.

Si kwamba wanazuoni walikubaliana katika kila jambo. Wengi wa zamani waliona mtawala anaweza kuanzisha vita dhidi ya dola isiyo na mkataba na Waislamu. Mahmud Shaltut, Sheikh wa Al-Azhar, taasisi kuu ya Kiislamu ya Misri, kuanzia 1958 hadi 1963, alishikilia kwamba Qur'ani inaruhusu vita vya kuzuia uchokozi na dhuluma tu. Tofauti hii ipo, na anayeificha kwa nia ya kuusafisha Uislamu hausaidii.

Dhana: Muislamu hawezi kukataa vita kabisa.

Ni wachache, lakini wapo. Abdul Ghaffar Khan alianzisha harakati ya Khudai Khidmatgar (Watumishi wa Mungu) mwaka 1929 miongoni mwa Wapashtuni wa kaskazini-magharibi mwa India ya kikoloni, watu ambao watawala wa Kiingereza waliwaona kama wapiganaji tangu kuzaliwa. Wafuasi wake waliapa kutotumia nguvu. Tarehe 23 Aprili 1930, askari walipowafyatulia risasi waandamanaji mjini Peshawar, waandamanaji hao walikufa bila silaha mikononi. Khan alisema njia hiyo si ngeni, kwani Mtume aliifuata miaka yote ya Makka. Mwanazuoni Jawdat Said wa Syria alijenga hoja yake juu ya mwana wa Adamu katika Al-Maida aya ya 28, anayemwambia ndugu yake kwamba hatamnyooshea mkono kumuua hata akinyooshewa.

Dhana: Asiye na dini hana msingi wa kuhukumu vita.

Msingi wake ni uhai wa binadamu, na unatosha kubeba misimamo yote miwili, wa kukataa vita na wa vita vya haki. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Kiingereza asiyeamini dini, alifungwa mwaka 1918 kwa upinzani wake dhidi ya Vita Vikuu vya Kwanza, lakini akaunga mkono vita dhidi ya Hitler. Albert Einstein naye aliacha kukataa vita vyote mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka. Mwanafalsafa wa Marekani Michael Walzer, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu vita vya haki, alihoji vita kwa misingi ya haki za watu bila kuegemea maandiko matakatifu.

Dhana: Sababu ikiwa ya haki, kila njia ni halali.

Hapa wanazuoni wa fiqhi (sheria za Kiislamu) na wanafalsafa wasio na dini wanakutana: sababu ni hukumu moja, njia ni nyingine. Mtu anaweza kuona kuwa kuishinda Japani kulikuwa haki, na bado akahukumu kwamba kuiangamiza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 kulikuwa uovu.

Dhana: Anayekataa vita fulani ni mwoga au mnafiki.

Bondia Muhammad Ali wa Marekani alikataa kuandikishwa jeshini Aprili 1967, wakati wa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa mkanda wa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana ulingoni. Serikali ilidai kwamba hakatai vita vyote, kwa kuwa imani yake iliruhusu vita vitakatifu. Juni 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake, kwa sababu bodi ya rufaa ya uandikishaji jeshini haikueleza ilimkatalia kwa msingi upi.

Miezi michache kabla, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kesi za watu wawili waliovikataa vita vya Vietnam pekee, mmoja akijengea hoja juu ya utu, mwingine juu ya Ukatoliki. Wote wawili walishindwa: sheria ililinda anayekataa vita vyote tu. Naliona jambo hili ni kosa kubwa. Anayeamini kuna vita vya haki ndiye analazimika kupima kila vita kabla ya kubeba bunduki, na sheria hiyo ilimwadhibu kwa kupima.