Je, wajua kwa nini sprinta, mkimbizaji baiskeli wa mita za mwisho, huadhibiwa hata kama hakuna aliyeanguka?

Tarehe 4 Julai 2024, mjini Dijon, Ufaransa, Mbelgiji Jasper Philipsen alivuka mstari akiwa wa pili katika hatua ya sita, yaani mbio za siku ya sita, ya mashindano ya baiskeli ya Tour de France, nyuma kidogo mno ya Mholanzi Dylan Groenewegen. Muda mfupi baadaye waamuzi wakamfutia nafasi hiyo, wakamshusha hadi mwisho wa kundi alilofika nalo. Hakuwa amemwangusha mtu. Kosa lake ni kwamba katikati ya mbio za mwisho aliiacha njia yake, akambana Wout van Aert kwenye vyuma vinavyotenga barabara na watazamaji, na van Aert akalazimika kuacha kukanyaga pedali.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko ulivyoonekana siku ile. Nafasi ya pili katika hatua kama hiyo ina pointi 30 za jezi ya kijani, inayovaliwa na mwenye pointi nyingi zaidi, na ya tatu ina 20. Philipsen alipokonywa zake 30. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyekuwa wa tatu, alipanda akaongeza 10. Mashindano yalipomalizika Nice, Girmay alikuwa na pointi 387 na Philipsen 354. Tofauti ni 33, na siku ya Dijon peke yake ilikuwa imegeuza hesabu kati yao kwa pointi 40. Ndivyo jezi ya kijani ilivyovaliwa mwisho wa Tour na Mwafrika mweusi kwa mara ya kwanza. Girmay alikuwa ameipigania barabarani kwa kushinda hatua tatu, na hilo halina ubishi, lakini anayetaka kuelewa jezi ile lazima aelewe kwanza kwa nini Philipsen alishushwa.

Tuanze na sprinta mwenyewe. Huyu ni mwendesha baiskeli mwenye misuli mizito, dhaifu milimani, anayefichwa na wenzake siku nzima ili atumie nguvu zake zote katika sekunde kumi na chache za mwisho. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake huponea sehemu kubwa ya upepo, kwa hiyo timu hupanga watu watatu au wanne mbele yake kwa mstari. Kila mmoja huvuta kwa kasi yote hadi miguu iishe, kisha hupisha. Wa mwisho kumvuta humwachia zikiwa zimebaki mita 200 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa, baiskeli inakwenda mita 18 kila sekunde, na mita 200 zinaisha kwa sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo kichwa kiko chini karibu na usukani, pumzi hazitoshi, na baiskeli inayumba kulia na kushoto kwa sababu mtu anaikanyaga kwa uzito wote wa mwili.

Upepo ndio unaoamua nani atoke lini. Julai, mwezi wa Tour, pwani yetu huvuma kusi, na barabara ya Malindi kwenda Mambrui inatosha kuyaonyesha haya. Anayetoka mjini kuelekea daraja la Sabaki husukumwa mgongoni, na akitimka mita 300 kabla ya alama anaweza kufika bila kupitwa. Anayerudi mjini hupigwa usoni. Huyo akitangulia mapema anawafanyia wenziwe kazi ya bure, afadhali asubiri hadi mita 150. Kusi ikipinda ikatoka upande wa bahari, kivuli cha upepo kinakuwa upande wa bara, yaani kulia kwa anayerudi mjini. Wote watataka kukaa huko. Aliye mbele, akijua hivyo, atasogea ukingoni kabisa wa kulia ili anayemfuata asipate pa kujificha.

Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa. Kukaa ukingoni tangu mwanzo wa kutimka ni haki yako, na ni ujanja mzuri. Kuhamia ukingoni wakati mwenzio ameshaingiza gurudumu lake la mbele kwenye mwanya ni kosa, hata kama umesogea kwa nusu mita tu. Kanuni ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, inakataza mtu kuiacha njia aliyoichagua alipoanza kutimka na kwa kufanya hivyo akawahatarisha wengine. Sharti zote mbili lazima zitimie. Ukihama barabara ikiwa tupu nyuma yako, hujakosa kitu.

Na kwa nini nusu mita iwe nyingi hivyo? Kwa sababu usukani wa baiskeli ya mashindano una upana wa sentimita 40 hivi, na mabega ya mtu huzidi hapo kidogo. Mwanya wa sentimita 80 unapitika. Ukipunguzwa hadi 40 haupitiki, na aliye ndani yake ana chaguo mbili: ashike breki huku kundi zima likimjia kwa nyuma, au agonge vyuma. Wa nyuma ndiye anayeumia karibu kila mara. Gurudumu lake la mbele likigusana na gurudumu la nyuma la aliyemtangulia, ndilo linalopinduka, kwa kuwa ndilo linalomwezesha kujisawazisha. Wa mbele huhisi mtikisiko mdogo tu akaendelea, na pengine akashinda. Ni kama tuktuk inayokata kona bila dereva kuangalia kioo: anayelala barabarani ni wa pikipiki, na dereva wa tuktuk hana hata mkwaruzo. Kanuni inamtwika mzigo aliye mbele kwa sababu hiyo. Yeye haoni, kwa hiyo ni lazima atabirike.

Kugusana kwenyewe hakukatazwi, na mtazamaji mgeni hushangaa kuona mabega yakisuguana bila mtu kuitwa. Viwiko vikiwa vimepanuliwa kidogo na mikono ikiwa imeshika usukani, mtu anailinda nafasi yake. Mkono ukiachia usukani kumsukuma mwenzio, au kichwa kikitumika kama nyundo, hapo hakuna cha kujitetea. Mwaka 2010 Mark Renshaw wa Australia, aliyekuwa mvutaji wa sprinta Mark Cavendish, alimpiga Julian Dean kwa kichwa mara kadhaa huko Bourg-lès-Valence, kisha akahama na kumziba Tyler Farrar. Cavendish alishinda hatua, Renshaw akafukuzwa kwenye Tour siku hiyohiyo. Mwaka 1997 Tom Steels alimrushia Frédéric Moncassin chupa ya maji wakiwa katika mbio za mwisho, naye akafukuzwa. Kesi za namna hii ni nyepesi, kwa kuwa nia inaonekana kwa macho.

Ngumu ni zile ambazo nia haionekani. Waamuzi hutazama picha za aina mbili. Kamera ya mbele, iliyo nyuma ya mstari wa kumalizia, ina lenzi ya kuvuta mbali, nayo huwabana waendeshaji pamoja hata mtu aliye mita tatu nyuma akaonekana yuko bega kwa bega na wa mbele. Kamera ya helikopta huonyesha njia halisi ya kila gurudumu, ikilinganishwa na mistari iliyopakwa barabarani. Mwamuzi mzuri huanza na ya juu. Anatafuta nani alikuwa mbele, alianza kutimka akiwa upande gani, alihama lini, na aliyekuwa nyuma aliacha kukanyaga wakati gani. Miguu iliyosimama ghafla ni ushahidi mzito: hakuna sprinta anayeacha kukanyaga mita 100 kabla ya mstari kwa hiari yake.

Haraka ya kuhukumu ina gharama yake. Huko Vittel mwaka 2017, Cavendish alijaribu kupita kati ya Peter Sagan na vyuma, akaanguka na kuvunjika mfupa wa bega. Picha iliyosambaa ilionyesha kiwiko cha Sagan kikitoka nje kama kinachompiga. Waamuzi kwanza walimshusha nafasi, kisha jioni wakamfukuza kabisa. Picha za pembe nyingine zilionyesha Cavendish ameshaanza kuegemea na kuanguka kabla kiwiko hakijatoka. Shauri lilifika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Desemba mwaka huo pande zote zikamalizana kwa kukubaliana kwamba ilikuwa ajali ya mbio isiyokusudiwa. Sagan hakuweza kurudishiwa Tour iliyokwisha pita. Alikuwa ameshinda jezi ya kijani miaka mitano mfululizo kabla ya hapo.

Kesi nzito kuliko zote ni ya Katowice, Poland, tarehe 5 Agosti 2020. Hatua ya kwanza ya Tour of Poland ilimalizikia kwenye mteremko, ambako kasi hukaribia kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22 kwa sekunde. Groenewegen, yuleyule aliyeshinda Dijon miaka minne baadaye, alihama kulia na kumziba Fabio Jakobsen. Jakobsen alirushwa juu ya vyuma, navyo vikatawanyika kama havikufungwa. Alilazwa kwa usingizi wa dawa, uso ukashonwa nyuzi 130, meno yakang'oka, taya likaharibika. Ushindi alipewa yeye akiwa hospitalini. Groenewegen alifutwa kwenye mashindano, kisha UCI ikamfungia miezi tisa, hadi tarehe 7 Mei 2021. Alitumiwa hata vitisho vya kuuawa.

Sasa pima kesi hizi mbili. Kitendo cha Philipsen huko Dijon na cha Groenewegen huko Katowice ni cha aina moja: kuhama njia na kumbana mtu kwenye vyuma. Mmoja alipoteza pointi na kulipa faini, mwingine alipoteza miezi tisa. Katowice kasi ilikuwa kubwa zaidi na mbano ulikuwa mkali zaidi, hilo ni kweli, lakini sehemu kubwa ya tofauti inatokana na jeraha. Huo si uadilifu, kwa sababu jeraha liliamuliwa na mengi ambayo Groenewegen hakuyapanga: mteremko uliochaguliwa na waandaaji, vyuma visivyoshikana, na alivyotua Jakobsen. Adhabu inayosubiri damu humfundisha kila sprinta kwamba kubana kunaruhusiwa mradi aliyebanwa awe hodari wa kujiokoa. Kabla ya Katowice, kubana namna hiyo kulikuwa kukiishia mara nyingi kwa kushushwa nafasi, na wiki inayofuata mtu yuko mstari wa mbele tena.

Kadi za njano zilikuja kuziba pengo hilo. UCI ilianza kuzijaribu Agosti 2024 na zikawa kanuni kamili tarehe 1 Januari 2025. Hakuna mtu anayeinuliwa kadi usoni kama kwenye kandanda. Jina huandikwa kwenye taarifa ya waamuzi baada ya mbio. Kadi mbili katika mashindano yaleyale humtoa mtu mashindanoni na kumfungia siku 7. Kadi tatu ndani ya siku 30 ni kufungiwa siku 14, na sita ndani ya mwaka mmoja ni siku 30. Mvutaji aliyemaliza kazi yake akapunguza mwendo ghafla katikati ya kundi anaweza kuipata, vilevile anayenyanyua mikono kushangilia ushindi wa mwenzake huku watu wakimpita pande zote. Dereva wa gari la timu na mwendesha pikipiki ya wapiga picha pia hawakuachwa. Ubora wa kadi ni kwamba inahesabu tabia. Mwenye mazoea ya kubana atafungiwa kabla hajampeleka mtu hospitalini.

Kwa waandaaji bado mizani haijakaa sawa. Vyuma vizuri huunganishwa bila mwanya, hulalia upande wa watazamaji, na havina miguu inayotokeza barabarani, kwa sababu mguu wa chuma uliotokeza sentimita chache tu hunasa pedali. Kilomita ya mwisho inapaswa kuwa pana, bila mzunguko wa barabara wala mteremko. Mandhari nzuri kwa televisheni isiwe sababu ya kupeleka watu 100 na zaidi kwenye mteremko kwa kasi ya gari.

Vijana wanaoshindana kwenye lami kati ya Malindi na Mambrui, bila vyuma wala helikopta, wanaweza kuyatumia haya Jumapili ijayo. Kwanza barabara iwe imefungwa kwa ruhusa na magari yamezuiliwa pande zote mbili. Bila hivyo msitimke kabisa. Alama ya kumalizia iwekwe mahali paliponyooka kwa mita 300 au zaidi, mbali na daraja, matuta, na mchanga uliopeperushwa kwenye lami, maana tairi nyembamba huteleza juu ya mchanga. Pakeni chokaa mita 200 kabla: kuanzia hapo kila mtu abaki kwenye njia yake. Mmoja asimame juu ya gari au ukuta, akiwa na simu inayorekodi kutoka nyuma ya mstari, na mwingine asimame pembeni kwenye alama ya mita 100. Mikono yote miwili ishike sehemu ya chini ya usukani, vidole vikiwa karibu na breki. Anayetaka kupita apite upande wenye nafasi ya upana wa mtu na nusu; ikipungua hapo, azunguke upande wa pili. Adhabu itangazwe kabla ya kuanza na itolewe siku hiyohiyo, ileile kwa aliyembana mwenzake akanusurika na kwa aliyembana akaanguka.