Hack siyo mpasua kuni, jamani

Leo tena mtu mzima na digrii yake ananielezea eti Waingereza humwita mwandishi wa hovyo hack kwa sababu anakatakata maneno kama anapasua kuni. Nimechoka. Sisi tunaokula kwa kutafsiri Kiingereza tunaisikia kila mara, na siku hizi imeongezewa ya kompyuta, eti akaunti zinahakiwa basi na mwandishi naye anahaki sijui nini. Hicho cha kukatakata ni kitenzi kingine, ukoo mwingine, wamefanana sura tu.

Hack wa uandishi ni farasi. Kirefu chake hackney, farasi mpole wa kupanda, siyo wa vita, na kwa kuwa ndo alikuwa anakodishwa sana jina likahamia kwenye vitu vya kukodi, ndo maana teksi za London mpaka leo kisheria ni hackney carriage. Kisha likamfikia binadamu. Yaani bodaboda: anayelipa ndo anasema twende wapi.

Sasa hapa ndo panaponikera, maana tusi lilianzia kwenye kukodiwa, kipaji hakikuulizwa. London ya karne ya 18 wauza vitabu ndo walikuwa wachapishaji, wanakuagiza historia ya Roma, utangulizi, tafsiri, unaandika, unalipwa, kesho unaanza nyingine. Oliver Goldsmith, mwandishi wa zama hizo, aliishi hivyohivyo, na mwenzake Ned Purdon alipofariki akamtungia beti za kaburini, akamwita hack wa muuza vitabu aliyeteseka hadi yeye Goldsmith hadhani kama mwenzake atatamani kurudi duniani. Dharau iko wapi hapo? Samuel Johnson naye kwenye kamusi yake ya 1755 anasema Grub Street, mtaa wa watu hao, umejaa waandishi wa vijihistoria, kamusi na mashairi ya kupita. Kamusi! Anajisema mwenyewe mzee wa watu. Mtaa wenyewe 1830 ukabatizwa Milton Street.

Vitabu vingi vitakwambia jina limetoka Hackney, zamani kijiji cha malisho jirani na London, basi. Ila Kifaransa cha kale kina haquenée, farasi huyohuyo, na wataalamu wamebishana sana nani kamkopa nani. Mie naegemea Hackney lakini kuapa siapi.

Kwenye tafsiri zangu "mwandishi uchwara" siitaki, inabeba ubovu na kuuacha ujira nje. Naweka "mwandishi kibarua", na kuna mhariri kila safari ananirudishia uchwara.