Daktari mmoja anasema farasi ako sawa, mwingine anasema anaumia: sasa tuamini nani?

Tukikaa na watu wa farasi hapa Nairobi, wenyewe na masaisi wao (wale wanaotunza farasi), iwe Jamhuri Park ama Ngong Racecourse, lalamiko ni lile lile, ati kwa ukaguzi wa daktari kabla ya sho, farasi wa fulani amepitishwa akichechemea waziwazi na wangu amekataliwa juu ya kakidonda kadogo. Saa zingine ni wivu wa mashindano tu. Lakini saa zingine mlalamishi ana haki kabisa, na hapo sisi madaktari wa mifugo ndio tunaharibikiwa jina.

Waliogombana na hii kitu miaka mingi kutushinda ni Wamarekani. Wana farasi wanaitwa Tennessee Walking Horse, wanasifiwa kwa mwendo wa kurusha miguu ya mbele juu sana, na kuna watu wakatafuta njia ya mkato: unapaka mafuta ya haradali, dizeli ama mafuta taa pale juu kidogo ya kwato, unafunga na plastiki ngozi iive, halafu unavalisha cheni, farasi akikanyaga cheni inagonga kidonda, anarusha mguu na anapewa alama. Bunge lao likapiga marufuku mwaka wa 1970. Sheria ikarekebishwa 1976, na marekebisho hayo ndio yakafungua mlango kwa wakaguzi wanaopewa leseni na vyama vya watu wa farasi wenyewe, yaani mwenye sho anaajiri mtu wa kumkagua.

Ilienda aje? Ofisi ya kukagua wizara yao ya kilimo ilitoa ripoti 2010. Kati ya 2005 na 2008 madaktari wa serikali walifika kwa asilimia 6 tu ya sho zilizokuwa na wakaguzi hao wa vyama, na bado asilimia 49 ya makosa yote waliyoandika wakaguzi hao yaliandikwa kwa hizo sho chache. Macho ni yale yale na vidole ni vile vile, kilichobadilika ni nani amesimama nyuma yao! Ni kama makanga na mikanda, roadblock ikionekana mbele ndio abiria wanakumbushwa kufunga.

Lakini nisiwatetee sana watu wa serikali, juu nao walikuwa na shida yao. Kulikuwa na kanuni ya kuangalia makovu ya ngozi, yale yanayoachwa na hiyo kupakwa mafuta na kufungwa cheni, na mwaka wa 2021 jopo la wanasayansi wa National Academies, taasisi ya kisayansi ya Marekani, likasema vile imeandikwa haiwezi kutekelezwa, na pia likashauri ukaguzi ufanywe na madaktari wa mifugo peke yao. Kanuni mpya ikatoka 2024, na Januari 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikafuta sehemu zake kubwa, sababu moja ikiwa mwenye farasi hakupewa nafasi ya kutosha ya kupinga uamuzi. Mimi naona kwa hilo la mwisho mahakama haikukosea.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya mkono. Unainua mguu, unafinya pale juu ya kwato na tumbo la kidole gumba mpaka ukucha wako ugeuke mweupe, unasonga pole pole, mbele na nyuma, ukiangalia kama mguu unavutwa, masikio yanalala, tumbo linakazwa. Akishtuka mara moja haitoshi, anaweza kuwa amechoka kushikwa na watu hajui. Unarudi pale pale, na akivuta tena pale pale, hiyo sasa ni maumivu. Na asiposhtuka pia usikimbilie kumpitisha, kwani kuna wanaompiga farasi nyumbani wakimfinya hivyo hivyo ndio azoee kunyamaza, na wengine wanapaka dawa ya ganzi, ndio maana kule wanapangusa ngozi na pamba ipelekwe maabara.

Kwetu sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Cap 360, inakataza kumtesa mnyama, lakini daktari afinye wapi na kwa nguvu gani haisemi, hiyo inabaki kwa mkono wa aliyetumwa. Kwa hivyo kama unapeleka farasi sho, dai mambo yaandikwe: mguu gani, mahali gani, alishtuka mara ngapi, saa ngapi. Video ya simu inasaidia sana, saisi ashike farasi mtu mwingine arekodi. Ukikataa uamuzi omba daktari wa pili hapo hapo kabla farasi hajapakiwa kwa lori, kesho mguu utakuwa umebadilika na hakuna mtu atakubali kitu. Na ukitaka kujua kama aliyemshika farasi wako ni daktari kweli, muulize namba yake ya Kenya Veterinary Board, ni swali la kawaida, asikununie.