Taimingi haisetiwi kwa sikio

Ukipeleka gari lisilo na nguvu gereji, hasa hizi zetu za chini ya miembe hapa Tabora, cha kwanza kushikwa ni distributa, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Ukiizungusha, unabadili taimingi, yaani wakati cheche inapotoka. Fundi analegeza nati, anaizungusha kidogo, injini inachangamka, anakaza. "Tayari, mzee." Nililipa, nikapakia mzigo hadi Kigoma. Kwenye mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga injini ikagonga kama ina kokoto ndani, ingawa sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ilikuwa safi.

Dhana: cheche ikiwahi zaidi, nguvu inaongezeka.

Ukweli: ni lazima iwahi, lakini kwa kipimo. Mafuta hayaungui papo hapo. Yanahitaji takribani milisekunde 2, na kwa mizunguko 3,000 kwa dakika krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) huzunguka nyuzi 18 katika kila milisekunde. Ndiyo maana plagi huchoma kabla pistoni haijafika juu, ili msukumo mkubwa uje ikiwa imeanza kushuka. Ukiwahisha kupita kiasi, msukumo unaikuta bado inapanda, na mchanganyiko uliobaki unalipuka wenyewe. Huko ndiko kugonga, na ndiko pistoni zinakotoboka. Kwenye sailensa husikii kitu, kwa sababu tatizo huja injini ikibeba mzigo.

Kuchelewesha nako si usalama: moto unamalizikia kwenye ekzosi, injini inapata joto, petroli inakwisha haraka.

Dhana: petroli ya oktani kubwa inaongeza nguvu. Hapana, inazuia kugonga tu.

Dhana: kila gari linasetiwa kwa kuzungusha. Lenye koili juu ya kila plagi halina cha kuzungusha. Kompyuta ndiyo inayopanga. Hata Toyota yenye distributa ya injini ya 4A-FE, usipounganisha TE1 na E1 (matundu mawili ya soketi ya kupimia) kwanza, kompyuta inakuhamishia alama ya taimingi huku unapima. Ukiunganisha, kipimo ni nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu.

Gari langu ni la kabureta. Fundi wa Kigoma aliacha injini ipate moto, akapima pointi (swichi ndogo ya cheche ndani ya distributa), akachomoa mpira wa vakyumu, ule unaoiwahisha cheche kwa mvuto wa hewa ya injini, na kuuziba, akafunga taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inapotoka, kwenye waya wa plagi namba 1. Cheche ilikuwa imewahi mno. Kisha akanionyesha ule mpira: ulikuwa umepasuka. Huo ndio uliokuwa umeninyima nguvu tangu Tabora.