Bidhaa hatarishi: pombe inapokataliwa kaunta ya vifurushi

Peleka chupa ya Konyagi kwenye ofisi ya vifurushi Mtwara mjini, useme unamtumia mdogo wako London, na huenda ukajibiwa kwamba hiyo ni "bidhaa hatarishi". Wengi hudhani ni njia ya adabu ya kuikataa pombe. Kumbe kwenye usafiri wa anga bidhaa hatarishi ni kitu chochote kinachoweza kuwaka, kulipuka, kubabua au kutoa sumu kikiwa safarini, na pombe imeingizwa humo kwa sababu ya moto tu.

Kinachoangaliwa ni kiwango cha kileo kwenye lebo. Kisichozidi asilimia 24, yaani bia na mvinyo wa Dodoma, hakimo. Kuanzia hapo hadi 70 ni kimiminika kinachowaka, ila kikiwa kwenye chupa isiyozidi lita 5 kinasamehewa masharti. Kikivuka 70, hakuna msamaha. Na hofu hiyo si ya bure: pombe ya asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye nyuzijoto 26 hivi, na mchana wa Desemba Lindi joto linapita hapo.

Konyagi ina asilimia 35. Kwa kanuni za ndege, basi, inaruka. Mara nyingi kinachoizuia ni sera ya kampuni, na karani hukupa neno moja kwa yote. FedEx, kwa mfano, haipokei pombe ya mtu binafsi. Inataka mfanyabiashara mwenye leseni na mkataba. Posta ya Marekani haisafirishi kabisa. Kisha kuna forodha: Uingereza hutoza ushuru wa pombe hata kama umeandika "zawadi", na Kuwait hairuhusu kabisa.

Uraka wa mabibo ndio usahau. Hauna lebo, hakuna ajuaye kileo chake, na kwa kuwa bado unachacha, gesi yake inaweza kupasua chupa njiani. Gongo ya mabibo hiyo ni kosa hata kabla haijafika kaunta.

Njia nyepesi ni mtu anayesafiri. Abiria anaruhusiwa lita 5 za pombe ya asilimia 24 hadi 70 kwenye begi la kupakiwa, chupa zikiwa hazijafunguliwa tangu dukani. Akishuka Uingereza, msamaha wa ushuru kwa pombe kali ni lita 4.