Ukishasaini mkopo, huna haki tena?

Soko la Majengo hapa Dodoma, lalamikia mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa na masharti ya kuumiza, uone. Utajibiwa: "Si ulisaini mwenyewe?" Kana kwamba sahihi inafuta sheria.

Deni halali utalilipa, hilo halina mjadala. Ila Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kanuni za Benki Kuu za 2019 za kuwalinda watumiaji zinamtaka akueleze riba, ada na masharti kabla hujasaini.

Panapofichwa mengi ni kwenye ada. Tuseme umekopa shilingi 500,000 kwa miezi 3, riba asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya mkopo wote. Riba ni 52,500; si mbaya. Lakini ofisini wanakata 50,000 za fomu na "usimamizi", unatoka na 450,000. Utarudisha 552,500, yaani mkopo umekugharimu 102,500, karibu mara mbili ya ulichotajiwa. Kwa hiyo usiulize riba tu. Uliza: naondoka na ngapi mkononi, narudisha ngapi jumla? Akisitasita, ondoka.

Kadi ya benki na namba ya siri si dhamana, hata kama jirani yako aliacha yake.

Ukionewa, anza na mkopeshaji mwenyewe, kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Asipokujibu, ipeleke Benki Kuu. Tawi lipo hapahapa Dodoma.