Mtoto Akizaliwa Jinsia Haieleweki: Maswali na Majibu

Inakuwaje mkunga ashindwe kusema ni wa kike au wa kiume?

Mpaka wiki ya sita hivi ya mimba, sote huwa sawa. Kila kijusi kina tezi zinazoweza kugeuka korodani au ovari, na kinyama kile kile huja kuwa uume kwa huyu na kinembe kwa yule. Kwa kawaida anayeanzisha njia ya kiume ni jeni ya SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, ambayo hukaa kwenye kromosomu Y. Ikiamka, tezi zinakuwa korodani, korodani zinatoa homoni, na homoni zinajenga mwili. Hatua moja ikienda kando, anaweza kuzaliwa mtoto mwenye ovari na kizazi kamili lakini kwa nje anafanana na mvulana, au mwenye korodani zilizojificha tumboni huku nje ni msichana kabisa. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu huntha, yaani watu waliozaliwa na jinsia yenye utata, 1,524. Naamini wako wengi kuliko hapo, maana familia nyingi huficha.

Ni laana, au mama alikosea kitu?

Hapana. Wala si uchawi.

Mungu hakosei. Kusema mwili umepata hitilafu si kumkosoa Muumba?

Mjadala huu ni wa zamani na siudharau. Mwaka 1802 William Paley, padri wa Kianglikana, aliandika kwamba ukiokota saa njiani utajua ina fundi, na mwili vivyo hivyo. Wanaompinga huonyesha neva ya sauti ya upande wa kushoto: inatoka kichwani, inapita shingoni hadi kifuani, inazunguka mshipa mkuu wa damu, kisha inapanda tena mpaka kwenye koo. Fundi gani, wanauliza, angepitisha waya hivyo? Ugomvi ulifika mahakamani Pennsylvania, Marekani, na mwaka 2005 jaji akaamua kwamba nadharia ya usanifu wenye akili, yaani kwamba viumbe vilibuniwa na fundi mwenye akili, si sayansi, isifundishwe katika darasa la biolojia la shule za umma za Dover.

Lakini daktari anayepasua shingo kutoa goita, awe mcha Mungu au asiwe, lazima ajue neva hiyo imepita wapi, la sivyo mgonjwa ataamka sauti imekauka. Kwa mtoto huyu ni hivyo hivyo. Wanazuoni wa Kiislamu wameandika kwa karne nyingi jinsi ya kumgawia huntha mirathi yake, na hawakuona kwamba kumtambua kunawatoa kwenye dini.

Kuna hatari ya haraka?

Ndiyo, na hapa naomba msome taratibu. Sababu mojawapo kubwa ni kasoro ya kurithi katika tezi zilizokaa juu ya figo, inayompata takriban mtoto 1 kwa kila 15,000. Tezi hizo zinashindwa kutengeneza homoni za kutunza chumvi mwilini, badala yake zinamwaga homoni za kiume, ndiyo maana msichana anaweza kufanana na mvulana. Siku za mwanzo mtoto anaonekana mzima. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu anaanza kutapika, anaacha kunyonya, anapungua uzito, analegea mikononi mwako. Wengi hudhani ni maambukizi. Kumbe sodiamu inashuka, potasiamu inapanda, na moyo unaweza kusimama.

Mvulana mwenye kasoro hii sehemu zake za siri huonekana za kawaida, kwa hiyo anaweza kufa bila mtu kushuku. Kama uliwahi kupoteza kichanga kwa namna hiyo, mwambie daktari, kwa sababu kila mimba ya wazazi hao ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Tiba ipo: haidrokotisoni na fludrokotisoni, dawa za kuziba pengo la homoni hizo, kwa maisha yote, na kwa kichanga chumvi kidogo ya ziada. Akipata homa, dozi ya haidrokotisoni huongezwa kwa maelekezo ya daktari. Dawa haziachwi hata siku moja.

Ni mvulana lakini tundu la mkojo liko chini ya uume. Tumtahiri?

Msimtahiri kwanza, hata babu akisisitiza. Ngozi ya govi ndiyo daktari huitumia kurekebisha njia ya mkojo. Na kama korodani zote mbili hazishikiki, apimwe kabla ya kuitwa mvulana.

Si afadhali afanyiwe upasuaji mapema, asije akajua?

Hapana, ila pale mkojo umeziba au kuna hatari ya saratani. David Reimer wa Kanada aliunguzwa uume akitahiriwa mwaka 1966, na kwa ushauri wa mwanasaikolojia John Money akalelewa kama msichana. Hakuzaliwa huntha, lakini kisa chake kilitumika kuhalalisha kuwapasua vichanga huntha. Alipofika ujana alikataa, akaishi kama mwanamume, na mwaka 2004 akajiua. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imekataza kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huntha bila ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki.

Ndilo hilo wanalozozania Ulaya na Marekani?

Silo hilo. Kule ugomvi ni juu ya vijana ambao miili yao haina utata ila wanajitambua kwa jinsia nyingine, na kama wapewe dawa za kusimamisha balehe. Ripoti ya Dkt. Hilary Cass, daktari wa watoto wa Uingereza, Aprili 2024, ilisema ushahidi wa dawa hizo ni dhaifu. Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaliachia jimbo la Tennessee sheria yake ya kuzipiga marufuku kwa vijana hao. Vijana hao nao wanastahili heshima. Ila sheria hiyo hiyo inaruhusu tiba kwa waliozaliwa na kasoro, upasuaji wa vichanga huntha ukiwemo. Hilo linaniuma, kwa sababu kichanga ndiye asiyeweza kusema lolote.

Leo hospitalini niombe nini?

Omba sodiamu, potasiamu na sukari vipimwe kabla hamjaruhusiwa, utrasaundi ya tumbo, na rufaa ya kipimo cha kromosomu. Ndugu wakipiga simu, waambie mtoto yuko salama na bado anapimwa. Jina kama Imani au Amani litamfaa kwa vyovyote vile.